Nilivyompeleka Mama Kwenye Jiwe la Shetani

Jamani, tangu Jumapili simu yangu haipumui. Kila mmoja wenu anauliza lilelile: eti ni kweli Maganga alimpeleka mama yake mzazi kwenye msiba wa Wazungu asiowajua, wakala, wakaosha vyombo, wakarudi Kilburn na keki na buti za marehemu? Ni kweli. Ila buti hazikuwa za marehemu, zilikuwa za mjane wake. Nayaandika hapa yote mara moja, maana kila nikiyasimulia najiona mjinga upya, na ujinga nao unachosha.

Kwa mliokuja London juzijuzi na hamnijui vizuri: mimi ni dereva wa basi, mtu wa Mwanza. Kwetu mawe ndiyo majirani. Nyumba yetu iko mlimani, chini ya jiwe refu kuliko ghorofa, na tangu baba afariki mama anaishi pale peke yake. Masika iliyopita jiwe la jirani liliporomoka likabomoa jiko. Bahati tu hakukuwa na mtu ndani. Wadogo zangu wakakaa kikao, wakaamua mama ahamie Dar kwa Nyamizi, dada yangu anayenifuata, ambako ametengewa chumba chake. Mama akakataa. Wakambembeleza, wakamlilia, akakataa. Alipopata viza ya kuja kunitembelea, Nyamizi akanipigia: "Kaka, wewe ndiye mkubwa. Wewe anakusikiliza. Usimrudishe bila jibu." Nami kwa kujiamini kwangu kote nikajibu, "Niachieni mimi."

Basi mama akaja, wiki zikapita, na mimi mwanaume mzima sikuthubutu kufungua mdomo. Nikianza, ananiuliza nitaoa lini, nanyamaza. Ikabaki siku chache tu apande ndege. Ndipo mwenzangu mmoja kazini akanisimulia habari za jiwe huko kaskazini, kubwa kama nyumba, limekaa peke yake nyikani. Zamani sana nchi ilifunikwa na barafu, barafu ikalibeba jiwe kutoka mbali, ilipoyeyuka ikaliacha hapo. Nikaruka. Nitampeleka mama alione kwa macho yake jiwe lililotembea! Akiingiwa na hofu kidogo, hapohapo namwingizia habari ya Dar. Niliuona mpango huu ni wa akili sana. Nawaomba msicheke bado.

Kilburn hadi Euston

Ijumaa nimeamka, nyumba nzima inanukia iliki. Mama alishaamka zamani, anakaanga maandazi.

"Shikamoo mama. Ya nini yote haya? Tunakwenda kuona jiwe."

"Marahaba. Na jiwe halina wenyewe? Tutafika kwa watu mikono mitupu?"

Sikubisha. Akajaza maandazi kwenye ndoo ile niliyonunulia rangi ya ukuta, ameisugua mpaka inang'aa, na kopo la dagaa wa Mwanza aliokuja nao kwenye sanduku. Mbebaji mimi.

Kwenye basi mama alisalimia kila aliyepanda. Mimi nilikuwa na kazi nyingine, ya kumkosoa dereva. Nikamwonyesha mama anavyokanyaga breki vibaya, anavyokata kona, na kwamba mimi ningekuwa pale abiria wasingetikisika. Nikaendelea na somo mpaka tukapitiliza kituo. Tukarudi kwa miguu, ndoo begani, mama nyuma yangu anasema, "Kumbe na wewe unafundisha." Treni tuliikuta inataka kufunga milango.

Euston hadi Lancaster

Treni ilikwenda vizuri mpaka mama alipofungua dagaa. Haki ya Mungu, harufu ile naipenda kuliko manukato, lakini mle ndani, madirisha hayafunguki, hata mimi nilishtuka. Kijana wa suti aliyekaa mbele yetu alikumbuka ghafla ana kazi behewa lingine. Mama akasema, "Mwite, ameacha nafasi kabla hajaonja."

Mbele ya safari treni ikasimama katikati ya mashamba. Ikatulia kabisa. Tukatangaziwa tuwe wavumilivu, tukavumilia, tukatangaziwa tena. Mama kahamia dirishani, anahesabu kondoo, anauliza mchungaji wao yuko wapi na kwa nini hakuna mtoto hata mmoja anayewafukuzia. Nikaona huu ndio wakati. Nikakohoa.

"Mama, hivi Dar siku hizi..."

"Kula, dagaa wanapoa."

Dagaa wakavu wanapoa vipi? Lakini nikala. Mpaka treni inaondoka nilikuwa nimeshiba, na hotuba yangu iko palepale.

Lancaster: mzee wa koti jeusi

Kitreni kidogo cha kutupeleka kijijini, karibu na jiwe, tulikuta kimeshaondoka, na kingine mpaka baadaye sana. Mimi ninayewafokea abiria wanaochelewa basi langu nilibaki nimesimama na ndoo, naangalia reli tupu. Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja wa Kizungu, koti jeusi, tai nyeusi, anaangalia reli hizohizo. Naye ameachwa.

Mama akamtazama. "Huyu amefiwa."

"Labda."

"Muulize."

"Mama, huku watu hawaulizwi mambo hayo."

"Maganga, muulize."

Nikamuuliza, aibu imenijaa. Ikawa kweli. Anaitwa Tom, rafiki yake wa tangu utotoni anazikwa leo katika kijiji kilekile tunachokwenda sisi, na kwa kuchelewa huku hatawahi hata sala. Alisema hivyo taratibu, kama anayeomba radhi. Sikumaliza kutafsiri, mama ameshamshika mikono yote miwili: "Pole, baba. Pole sana." Mzee hakuelewa neno, ila mikono hakuitoa. Mama akampa andazi. Akala. Akapewa la pili.

Aliposikia tunakwenda kuona jiwe, akatabasamu. Akatueleza kwamba mambo ya barafu ni ya wasomi. Wao wenyeji wanajua kwamba shetani alikuwa anajenga daraja, amebeba mawe kwenye aproni, kamba za aproni zikakatika, na jiwe moja likamponyoka pale. Nikamtafsiria mama.

"Shetani anavaa aproni?" mama akauliza. "Kwani alikuwa anapika?"

Nilipomfikishia mzee swali hilo alicheka mpaka akatoa kitambaa, na kile kitambaa kikaendelea kufuta macho hata baada ya kicheko kwisha. Akasema rafiki yake ndiye mwenye shamba lililo chini ya jiwe lenyewe.

Msibani

Tuliposhuka kijijini, baridi ya kukata masikio, nikatoa ramani, nikamwonyesha mama njia ya kupanda kilimani. Nageuka, mama simwoni. Yuko mbele na mzee Tom, wanatembea taratibu kuelekea ukumbi ulio karibu na kanisa, ambako watu wa nguo nyeusi walikuwa wanaingia.

Nikakimbia na ndoo. "Mama! Jiwe liko huku!"

"Jiwe litakimbia? Hapa kuna msiba."

"Hatuwajui, mama. Hatujaalikwa."

Akasimama, akanigeukia, kweli amenishangaa. "Na wewe nani alikwambia watu wanaalikwa msibani? Umekaa huku mpaka umekuwa hivyo?"

Nikabeba ndoo, nikamfuata.

Ndani watu walikuwa wamesimama na glasi na vikombe, wanaongea chini kwa chini. Mjane, bibi mwembamba anayeitwa Margaret, alikuwa kwenye kiti pembeni, peke yake. Watu wanamsogelea, wanamgusa bega, wanarudi kwenye vikombe vyao. Mama akavua viatu mlangoni. Nikasema moyoni, Mungu wangu, asifanye. Akafanya. Akavuka ukumbi wote na soksi zake, akaushika mkono wa mjane, akaketi chini, sakafuni, miguuni pake, kama wanavyokaa kina mama kwetu na mfiwa. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Natamani ardhi ipasuke.

Bwana mmoja mstaarabu akaniuliza nilimfahamu vipi marehemu. Kwa kiwewe nikajibu, "Kupitia jiwe." Akaitikia kwa kichwa, kama jibu la maana.

Mjane alimtazama mama kitambo. Kisha akajishika kwenye kiti, akateremka, akakaa sakafuni naye, magoti yakilia. Akaniambia nimwambie mama kwamba tangu asubuhi watu wote wamesimama mbele yake, huyu ndiye wa kwanza kukaa. Baada ya hapo ndipo alipoanza kulia. Mama akamwacha alie, wala hakumwambia anyamaze.

Halafu mama akaulizia chakula cha msiba. Nikamwonyesha vile vimkate vya pembetatu mezani.

"Hivi? Na wafiwa wameshiba?"

Akaenda jikoni, akafunga kanga kiunoni, akakuta vikombe vimerundikana, akaanza kuosha. Wale mabibi wa jikoni wakambembeleza apumzike, yeye ni mgeni. Mama akadhani wanampongeza, akaongeza kasi. Nikaambiwa nifute sahani. Mimi, ambaye kwangu vyombo vinakaa kwenye sinki mpaka vinakuwa wapangaji. Maandazi yakatolewa kwenye ndoo, yakapangwa, ndoo ikaoshwa, na hata haijakauka yameisha.

Sasa njooni kwenye aibu yenyewe. Tulikaa meza moja: mama, Margaret, mzee Tom, mimi, na David, mtoto wa Margaret, jitu la umri wangu na mabega mapana. Margaret akauliza mama anaishi wapi. Mama akaeleza: mlimani, chini ya jiwe, peke yake. Nikatafsiri. Margaret akasema naye ndiyo hivyohivyo, na sasa David anataka auze shamba, akakae kwenye fleti Leeds, karibu naye. Nikatafsiri, roho inaniambia hapa pabaya.

"Mwambie asikubali," mama akasema.

David ananitazama. Nikamwambia Margaret kwamba mama anaona suala hili ni zito, lina pande nyingi, na familia inapaswa kulijadili kwa utulivu huku ikizingatia usalama.

Mama akaniangalia. "Mimi nimesema maneno mawili. Hayo yote umeyatoa wapi?"

"Kiingereza ni kirefu, mama."

"Mwambie nilivyosema. Halafu umwambie na huyu wangu ametumwa na wenzake kuja kunihamisha. Anaona sijui. Ameninunulia tiketi ya treni anitishe kwa jiwe."

Nikahisi masikio yanawaka. Alijua! Nyamizi hawezi kufunga mdomo, na mimi siwezi kuficha uso. Nikajaribu kuangalia dirishani.

"Tafsiri," mama akasema.

Nikatafsiri. Mzee Tom alicheka kwanza, kisha Margaret, siku ya kumzika mumewe, akacheka mkono mdomoni. David na mimi tulikaa pale kama watoto waliokutwa kwenye kopo la sukari. Mwishowe David akasimama, akaniambia kwa sauti ya unyonge kwamba jiwe si karibu, afadhali atupeleke kwa gari.

Juu ya jiwe

Tulipanda kwenye Landrova yake ya shamba, mama kavaa buti za mpira za Margaret, aliyekataa katakata zirudishwe. Katikati ya nyika ya majani ya kahawia, likatokea. Limekaa peke yake, jeusi, limelowa, halina hata jiwe mwenza wa kuongea naye.

Mama akalizunguka. Akalipiga kofi kidogo. "Ndiyo hili?"

"Ndiyo, mama."

"Kwetu hili mtu angeanikia nguo."

Ubavuni wamechonga ngazi za kupandia. Mama akapanda, buti zinateleza, kanga inapepea. David akabaki chini. Mimi nikafuata kwa mikono na magoti, maana urefu unanitia kizunguzungu, jambo ambalo dereva wa basi la ghorofa angepaswa kulificha. Juu nikakaa katikati kabisa, nimeshika mwamba kwa viganja vyote. Na bado, ndugu zangu, bado nikaitoa ile hotuba.

"Mama, unaona jiwe hili? Lilitoka mbali sana. Lilitembea."

"Halafu?"

"Halafu likasimama hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Kabla ya watu."

"Basi na langu limesimama."

Ndiyo ikawa mwisho wa hotuba niliyoiandaa wiki zote zile.

Upepo ulikuwa unavuma kweli. Mama akajifunga kanga vizuri, akaanza kuongea bila kunitazama.

"Unafikiri siogopi? Naogopa, baba. Mvua kubwa ikinyesha usiku silali. Nakaa kitandani nimevaa viatu, nasikiliza."

Hilo nilikuwa silijui. Hakuna aliyelijua, hata Nyamizi. Nikamuuliza, "Sasa kwa nini, mama? Kama unaogopa hivyo, kwa nini usihame?"

Akakung'uta matope kwenye buti za Margaret.

"Siku ile unaondoka ulisema unakwenda miaka miwili. Ulisimama pale mlangoni. Mimi ndiye niliyekwambia, nenda mwanangu, utanikuta. Baba yako alikusubiri palepale mpaka akaondoka. Nimekuja huku kwa sababu umeniita, nimekuona, nimefurahi. Lakini mimi kuja kwako siyo wewe kurudi. Nikihama, siku ukirudi utanikuta wapi? Kwenye chumba cha Nyamizi, mimi mgeni na wewe mgeni?"

Miaka zaidi ya kumi nimekuwa na sababu: makaratasi, nauli, kazi, mwakani. Zote nilizitafuta pale juu, hakuna iliyotaka kutoka mdomoni. Nililia, sitaki kuwadanganya. Nililia kwa sauti, kwikwi zikanishika, na David chini akaangalia pembeni kwa adabu.

Hapo ndipo simu, iliyokuwa haina mtandao tangu Lancaster, ikaita. Nyamizi.

"Kaka! Umemwambia? Amekubali?"

"Hahami."

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa. Nisikilize. Tafuta fundi mzuri wa mawe, ajenge ukuta wa kuzuia nyuma ya nyumba, mnene. Na masika ikianza mama atalala bondeni, kwa yule mwenzake wa kwaya, mpaka mvua kubwa zipite."

Nikamwangalia mama. Akafikiri. "Kulala tu," akasema. "Kuhama siyo."

"Na fundi atasimamiwa na nani?" Nyamizi akauliza. "Utamsimamia kwa simu?"

"Nakuja mwenyewe. Desemba."

Nyamizi akanifanya niirudie hiyo Desemba mara mbili. Mama akaninyang'anya simu.

"Nyamizi, hujambo mwanangu? Kitanda cha kaka yako pale mlimani kitandikwe. Ila majirani usiwaambie kitu mpaka tumwone ameshuka kwenye gari."

Akanirudishia simu, akateremka ngazi kwa buti zake, ananiacha nihangaike kushuka peke yangu. Ilibidi David apande aniongoze mguu, huu hapa, sasa huu.

Kurudi Kilburn

Margaret alitufungia keki. David alitushusha kituoni, akanishika mkono, akasema nimsalimie mama yangu akishafika nyumbani kwake. Neno la Leeds sikulisikia tena kwake, siku hiyo angalau. Njia nzima mama alilala, buti miguuni, na treni haikuchelewa hata kidogo.

Jumatatu nilimpeleka uwanja wa ndege. Hakulia. Alinipa mkono kama mtu anayekwenda sokoni, akasema, "Haya," akaingia. Mimi ndiye niliyebaki nalia mbele ya wapimaji wa mizigo, watu wazima na toroli zao za masanduku wananipita.

Likizo nimeomba, na tiketi nimekata. Naona mnavyotabasamu, maana kila mwaka mnanisikia nikisema naenda, na kila Krismasi niko hapahapa Kilburn, wa kwanza kwenye sufuria ya pilau. Kwa hiyo siwaombi mniamini. Ila Krismasi hii mkifungua sufuria msinione, jueni nimemkuta.